Kisiki Chini ya Ngome

Nilifika kwa yule mama kwa ajili ya fuko. Msimu ule nilikuwa nikitega fuko katika mashamba ya viazi kati ya Kapkatet na Bomet, kwa mitego ya waya na fito niliyofundishwa na mzee mmoja wa upande wa Mulot, kwetu. Kabla ya hapo nilikuwa nimechuma chai, nimepakia kuni za kiwanda, nimechimba visima, nimefukuza ndege kwenye ngano ya watu. Shule niliiacha nikiwa kidato cha pili. Nilitoka asubuhi moja kwenda kutazama daraja likijengwa, nikakaa huko wiki tatu nikiwauliza wafanyakazi maswali, na niliporudi niliona haya kuingia darasani. Tangu hapo nilikuwa sijakaa mahali pamoja mwaka mzima.

Mama mwenyewe alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mwenye ekari mbili za chai na ng'ombe watatu. Kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya, nami nikamwita hivyo. Alitembea kwa fimbo kwa sababu ya nyonga. Nilimnasia fuko wanne kwa siku mbili. Siku ya tatu, nikinywa chai mlangoni mwa jiko lake, aliniuliza kama naweza kubeba mawe. Kabla sijajibu aliingia ndani, akarudi na Biblia, na katikati ya kurasa akatoa postikadi.

Haikuwa picha ya kamera. Mtu alikuwa ameichora kwa rangi, na hakuwa mchoyo wa rangi. Mbingu ilikuwa ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Katikati palikuwa na ngome ya zamani ya mawe, lakini mawe yenyewe yalikuwa ya zambarau na buluu, na mapaa mekundu. Upande wa kulia ulisimama mnara wa duara, juu yake umekatwa meno meno, na mmea wa kijani ulikuwa umetambaa kutoka ardhini mpaka kwenye dirisha jembamba. Mbele palikuwa na maji na daraja. Nilitazama mpaka chai ikapoa. Nilitaka kujua maji yale yalichimbwa au yalikuwepo, na mtu aliyekaa nyuma ya dirisha jembamba vile alikuwa anatazama nini.

Upande wa pili palikuwa na mwandiko wa binti yake, ambaye alikuwa ng'ambo akiwahudumia wazee wasiojiweza. Alikuwa ameandika kwamba ngome hiyo ilijengwa zamani sana, kwamba anaiona kila siku akienda kazini, na kwamba siku moja atamleta mama yake aione.

"Na hii nyonga nitapanda ndege gani?" Kogo akasema. "Wacha hiyo ngome ije kwangu."

Hakuwa anatania. Alihitaji tangi la maji lililoinuliwa juu, ili maji yaingie jikoni yenyewe, maana njia ya kwenda mtoni ilikuwa imemshinda na wajukuu walikuwa shule. Nyumba kubwa ilikuwa juu ya mteremko, jiko chini kidogo. Mnara ungesimama kando ya jiko, gata za nyumba kubwa zingemimina mvua ndani ya tangi, na kutoka hapo maji yangeshuka mpaka kwenye sinki. Watu wengine huinua tangi kwa vyuma au kwa nguzo za mti. Kogo alitaka mnara wa duara wenye meno. Binti angerudi mwisho wa mwaka kwa koito, siku ambayo watu wa mwanamume huja kuomba msichana rasmi, na alitaka akishuka kwenye gari aikute ngome yake imesimama uani kwao.

Fundi aliyemwita alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu. Watu wake walitoka sehemu za kati za nchi zamani, lakini yeye alizaliwa huku na alizungumza Kipsigis kwa kasi kuliko mimi. Alishika postikadi kwa vidole viwili, akaitazama kwa karibu, kisha kwa mbali.

"Hii inaonyesha mbele tu," akasema. "Sasa mimi nitajuaje huko nyuma imeshikwa na nini?"

Kogo akamwambia huko nyuma aweke akili yake. Fundi akacheka, akaifunga postikadi kwenye karatasi ya nailoni, na kwa wiki sita ilikaa mfukoni mwa shati lake. Ndiyo iliyokuwa ramani yetu.

Kazi ya kwanza ilikuwa msingi. Fundi alichora duara kwa kamba na kigingi, akanipa nusu ya chini, upande wa mteremko, na nusu ya juu akaipa kijana mwingine aliyefanya kazi siku nne akaondoka. Siku ya pili Fundi alikwenda Kapkatet kufuata mawe ya kuchonga. Nilikuwa peke yangu nilipogonga kisiki.

Kilikuwa cha blugamu, yaani mkaratusi. Marehemu mume wa Kogo alikuwa amepanda safu ya blugamu pale, na baada ya kifo chake miti ikauzwa kiwandani kuwa kuni za boila. Visiki vingine viling'olewa. Hiki kilikuwa kimechomwa moto katikati, kikaachwa, na udongo ukakifunika. Nilipokisafisha kwa jembe niliona ni kipana kama meza ya kulia chakula ya watu wanne. Katikati palikuwa peusi na laini. Mtaimbo uliingia kama kwenye ugali. Pembeni, upande mmoja, mti ulikuwa bado mgumu na una maji.

Nilijua la kufanya. Mtu yeyote aliyekulia huku anajua. Kisiki cha blugamu ama kinaoza ama kinaota, na hiki kilikuwa kikifanya yote mawili. Kilitaka kuchimbuliwa chote na mizizi yake, siku mbili za sururu na shoka, labda tatu. Nilikaa ukingoni mwa shimo nikakitazama. Mawe yangefika jioni ile. Nilikuwa sijawahi kuona ukuta wa duara ukipandishwa kwa mawe, na usiku mzima uliotangulia nilikuwa nimesoma kwenye simu jinsi watu wa ngome walivyokuwa wakijenga, jinsi walivyopindisha jiwe kwa jiwe. Nilitaka kuona. Siku mbili za kisiki zilikuwa siku mbili za kungoja.

Nikachukua shoka nikakisawazisha juu. Nikapakia kokoto kwenye ile sehemu nyeusi, nikashindilia kwa mguu na kwa nyundo, nikamwaga udongo mkavu, nikashindilia tena. Fundi alipofika alipima kina cha mtaro, akagonga chini kwa kisigino, akasema niko sawa. Kesho yake tukamwaga zege.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri, na sitasema uongo juu ya hilo. Fundi alichonga kila jiwe ubavuni kidogo ili duara likubali. Alining'iniza timazi kila baada ya mstari. Nilimweleza kwamba madirisha membamba yalikuwa ya wapiga mishale, kwa nje yamebana na kwa ndani yamepanuka, ili mtu apige bila kupigwa. Alisikiliza kwa makini.

"Kwa hivyo Kogo anaweza kupiga mtu wa kuuza mitumba akiwa ndani," akasema, akaacha nafasi tatu kama hizo ukutani.

Mstari wa tano ulipokauka ndipo nilipoona chipukizi la kwanza. Lilikuwa limetoka kwenye ungio la mawe, chini kabisa, upande wa mteremko. Majani madogo mawili mekundu, laini, yenye harufu ile ya dawa ya kifua. Nikalikata kwa kucha na kulitia mfukoni. Baada ya siku tatu yalikuwa mawili. Nikawa nafika kazini kabla ya Fundi, nazunguka nyuma, nakata. Mikono ikawa inanuka blugamu mchana kutwa, na nikaanza kunawa kwa mafuta ya taa.

Asubuhi moja nilimkuta Kogo amenitangulia. Alikuwa ameinama juu ya fimbo yake, anatazama chipukizi lililofika urefu wa kidole, na uso wake ulikuwa na furaha.

"Weri," akaniita, neno la kumwita kijana, "leta ile picha."

Fundi alikuwa amefika. Akaitoa mfukoni. Kogo akaweka kidole kwenye mmea wa kijani uliotambaa kwenye mnara uliochorwa, kisha akaonyesha chipukizi kwa fimbo. "Unaona? Hata majani yameanza yenyewe. Asikate mtu."

Fundi aliinama akaligusa. Nilingoja alinuse. Simu yake ikalia, ilikuwa habari ya simiti, akaondoka akizungumza. Nami nikachukua koleo. Ile ilikuwa nafasi yangu ya kwanza kamili ya kusema ukweli, na niliiona ikipita kama mtu anavyoona gari alilopaswa kupanda.

Tangi lilipandishwa Jumanne ya wiki ya koito. La plastiki, jeusi, lita elfu tano. Tuliliburuta kwa kamba watu saba juu ya magogo. Huku kwetu mvua haihitaji kuombwa. Mawingu huja kutoka upande wa ziwa na kufikia saa tisa alasiri yanashuka. Siku hiyo hiyo maji yakaanza kuingia. Jumatano asubuhi nilizunguka nyuma nikakuta ufa. Ulianzia karibu na chipukizi, ukapanda ungio kwa ungio kama ngazi, ukaishia kwenye dirisha la mishale. Ulikuwa mwembamba. Nilichukua kijiti cha kiberiti nikakisukuma ndani mpaka kikashikwa. Nikajiambia simiti hupasuka ikikauka. Alhamisi kijiti kilikuwa bado pale, lakini kilicheza nilipokigusa. Tangi lilikuwa limepita nusu. Kogo alikuwa amepata maji jikoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Alifungua mfereji, akafunga, akafungua tena, akaita jirani aje aone.

Ijumaa nilitumwa Kapkatet kukodi masufuria, maana ya kanisani hayakutosha. Niliporudi, hema lilikuwa limeshasimamishwa. Walikuwa wameliweka nyuma ya mnara, upande wa mteremko, kwa sababu ndipo penye nyasi tambarare ambapo ng'ombe hulala, na kwa sababu Kogo alitaka picha za wageni zipigwe na ngome ikiwa juu yao. Safu ya kwanza ya viti ilikuwa hatua nne kutoka kwenye ufa.

Kijiti kilikuwa kimeanguka. Nilikikuta kwenye nyasi.

Jumamosi binti alikuwa uani tangu asubuhi. Alikuwa ameshuka kwenye gari siku mbili kabla na kulia mbele ya mnara, na mama yake akalia, na mimi nikaenda kuosha koleo zilizokuwa zimeshaoshwa. Sasa alisimama karibu nami akitazama juu, amevaa gauni lake la siku ile, kikombe mkononi. Alisema mmeifanya vizuri kaka, hata meno yake. Nikamuuliza kitu nilichokuwa nimetaka kukijua kwa wiki sita: ngome yenyewe ikoje ndani.

Alicheka kidogo. Akasema hajawahi kuingia, kiingilio ni ghali, na postikadi aliichagua kwa sababu ya rangi.

"Lakini nimezunguka nyuma," akasema. "Nyuma hakuna kitu, kaka. Ilianguka zamani. Yule aliyechora alichora upande uliobaki."

Aliitwa ndani. Nilibaki pale nikiwa na uma wa nyama mkononi.

Wageni walifika saa sita. Watu wa mwanamume walikuwa kumi na wanne, kutoka upande wa Kapkatet, na msemaji wao alikuwa ami yake, mzee mrefu mkulima wa chai. Waliketi. Maombi yakafanywa, mursik, maziwa yetu ya kibuyu, ikamiminwa, mazungumzo yakaanza polepole kama yanavyoanza, kwa kuzunguka mbali na jambo lenyewe. Nilikuwa kwenye moto wa nyama. Saa nane mawingu yalikuwa yamekaa juu ya kilima cha pili, meusi kwa chini, meupe kwa juu. Nilisikia mlio ninaoujua, mvua ya mawe ikipiga chai ya mtu mwingine ng'ambo ya bonde.

Fundi alikuwa miongoni mwa waalikwa, lakini alikuwa amesimama nyuma ya hema akila. Nilimwendea. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakatoka kichwani.

"Fundi, chini ya ukuta kuna kisiki cha blugamu. Nilikizika mimi."

Alitafuna alichokuwa nacho mdomoni akakimeza. "Kikubwa?"

Nikamwonyesha kwa mikono.

"Upande gani?"

"Huu."

Alitazama ufa. Akaenda akatia ukucha, kisha kidole. Akatazama migongo ya wale wazee kumi na wanne. Nilingoja anitukane, ningefurahi angenitukana. Aliweka sahani yake chini kwenye nyasi, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga.

"Panda utoe gata. Fungua mfereji wa chini wa tangi mpaka mwisho. Mimi namwendea Kogo."

Nilipanda ngazi. Kutoka juu nilimwona akiinama kwenye sikio la Kogo. Niliona Kogo akitabasamu kwa ajili ya wageni na kutikisa kichwa. Baadaye Fundi aliniambia alichojibu. Mgeni wa posa akishaketi hainuliwi kabla hajapewa neno, kwa maana akiinuliwa amekataliwa; koito ya dada yake ilivunjika hivyo, kwa sababu ya nyoka darini tu, na dada hakuolewa tena na watu wale. Hao wakiinuka leo wataenda. Angojee nusu saa. Fundi alimwambia kuna ufa, na Kogo akasema kila nyumba ina ufa. Fundi hakumtajia kisiki. Nadhani alikuwa akiniachia mimi, au alikuwa akilinda jina lake. Sijui mpaka leo.

Niling'oa gata ya mwisho ikaning'inia. Nikafungua mfereji, maji yakatoka kwa nguvu yakakimbilia kwenye nyasi kando ya hema. Tangi la lita elfu tano haliishi kwa dakika tano. Nikiwa bado kwenye ngazi tone la kwanza lilinipiga shingoni, na ukuta ukatoa sauti ndogo, kama mtu anayekohoa mdomo ukiwa umefungwa. Niliteremka. Kiganja changu kiliingia kwenye ufa kwa ubavu.

Niliingia ndani ya hema na aproni yangu ya mafuta. Ami alikuwa katikati ya sentensi. Nilisimama mbele ya Kogo kwa sababu sikuweza kusimama mahali pengine.

"Kogo, nilizika kisiki chini ya hii ukuta. Nilikiona siku ya msingi nikakificha. Ukuta inafunguka."

Hakutazama ukuta. Alinitazama mimi. "Ile ya mzee wangu?"

"Ndiyo, ile."

"Na yale majani."

"Ni yake."

Ami aliuliza kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya maziwa. "Ilikuwa imechomwa?"

"Katikati, mzee."

"Na pembeni inaota?"

"Inaota."

Akaweka kikombe cha mursik chini. Hakuna mtu pale aliyehitaji kuelezwa zaidi. Kila mmoja alikuwa amewahi kupigana na blugamu shambani kwake. Lakini hakuna aliyeinuka. Wote walimtazama ami, na ami akamtazama Kogo, na Kogo akatazama mikono yake. Mvua ya mawe ilikuwa imevuka bonde. Punje za kwanza ziligonga turubai. Nikaelewa kwamba watakaa pale mpaka jiwe liwaangukie kuliko kuwa wao walioinuka, na Kogo ataacha wakae kuliko kuwa yeye aliyewainua.

"Hatuinuki," ami akasema. "Tumeketi, na tutaendelea kuketi. Kila mtu ashike kiti chake."

Akainama mbele, akashika kiti cha plastiki pande zote mbili na kukibana kwenye makalio yake, akaanza kutembea hivyo, magoti yamekunjwa, kuelekea nyumba kubwa. Mtu mrefu vile, na suti yake. Mwingine akafuata, kisha mwingine, akina mama na vitambaa vyao vya kichwa, wazee na fimbo zao mapajani, wote wamekunjika, viti vimewashika nyuma, wakipanda mteremko kwenye mvua ya mawe. Kuna aliyecheka. Kuna aliyekuwa akiomba kwa sauti ya chini huku anakwenda.

Kogo hakuweza kutembea vile. Aliyekuwa karibu naye zaidi ni mwanamume mwenyewe, mchumba, na alinyoosha mkono akaurudisha, maana mkwe hamgusi mama mkwe, na hata siku ile hakujua aanzie wapi. Fundi akashika kiti chake upande mmoja, mimi upande mwingine. Tulimbeba. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri. Punje za barafu zilimrukia mapajani. Katikati ya mteremko aliniambia sikioni, bila kunitazama:

"Sasa na mimi uniangushe, weri."

Tuliweka viti vyote barazani kwa mpango ule ule, safu kwa safu. Ami alifuta uso kwa leso. Akauliza, "Tulikuwa tumefikia wapi?" na msemaji wa upande wetu akamkumbusha, na wakaendelea, kwa sauti kubwa kwa sababu ya mabati. Nilisimama ukingoni mwa baraza nikitazama chini. Nilihesabu pumzi zangu. Nilitaka usianguke, na kuna sehemu yangu ndogo iliyotaka uanguke, ili nisiwe nimewasumbua watu wale bure.

Ulianguka ami akiwa anataja ng'ombe. Sehemu ya chini ya nyuma ilizama kwanza, kama mtu aliyekanyaga shimo. Kisha mawe yakafunguka kutoka juu kwenda chini na kushuka kwa pamoja juu ya hema. Tangi, lililokuwa bado na theluthi ya maji, liliinama, likasita, likajiviringisha juu ya nguzo za hema na kushuka mteremko mpaka likakamatwa na michai. Likakaa hapo, jeusi katikati ya kijani, likimwaga maji. Kiti kimoja kilikuwa kimebaki, cha mpiga picha, ambaye hakuwa mgeni wa posa na alikuwa amekimbia kwa miguu yake. Hatukukipata mpaka mawe yalipoondolewa, na hakikuwa kiti tena.

Mbele ya mnara haikuanguka. Ilibaki imesimama, meno yake yote juu, na dirisha moja la mishale lililokuwa sasa linatazama mvua pande zote mbili.

Kogo alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua aliwatazama wageni wake mmoja mmoja, kumi na wanne.

"Endeleeni," akasema.

Jioni ile binti aliombwa na akatolewa. Mimi sikula. Nilingoja wageni waondoke, nikachukua sururu, na Kogo aliponiona kutoka dirishani hakunizuia. Ilinichukua siku tatu. Nilichimba kisiki chote, na mizizi, mpaka mmoja uliokuwa umekwenda chini ya jiko. Fundi alikuja siku ya pili kuchukua vifaa vyake. Alisimama ukingoni mwa shimo.

"Ungeniambia siku ile, unafikiri ningefanya nini?"

Nikamwambia angenifanya nikichimbue.

"Siku mbili," akasema. Alitoa postikadi kwenye mfuko wa shati, akaifuta kwa kiganja na kwenda kumrudishia Kogo. Hajaniita kwenye kazi tena, na sijamwomba.

Kisiki nilikipasua kikawa kuni. Niliziweka kando ya jiko nikaondoka bila kuaga vizuri. Nilikwenda Kabianga nikaosha vyombo kwenye hoteli ya wanafunzi, kisha Mulot nikapakia mahindi, kisha nikarudi kwenye fuko. Kila jengo nililopita nilizunguka nyuma yake kutazama.

Mwaka huu mitego ilinirudisha kwenye bonde lile. Nilifika langoni nikasimama. Mbele ya mnara bado ipo. Kogo alikuwa amepanda mmea wa karakara chini yake, na ulikuwa umetambaa mpaka dirishani, kijani kama ule wa kwenye postikadi. Tangi lilikuwa limewekwa chini, kwenye zege fupi, na mfereji wake ulikuwa kwenye kimo cha goti. Maji hayapandi jikoni kutoka hapo. Kogo alikuwa ameinama, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine umeshika jagi dogo, kwa sababu ndoo hawezi kuibeba tena. Alijaza jagi, akajinyoosha kwa vipande vipande, akaniona.

Nilifikiri atauliza nimefuata nini. Aliniwekea jagi kwenye nyasi.

"Pipa iko jikoni," akasema. "Iko tupu."

Nilichota mpaka pipa likajaa. Kesho yake nikachota tena. Postikadi bado imo ndani ya Biblia, sijaomba kuiona. Wiki iliyopita nilipima kwa pimamaji kutoka ukingo wa paa mpaka sinki, na nikaanza kuchimba msingi wa tangi upande wa juu, karibu na nyumba, mahali ambapo hapajawahi kuwa na mti. Nimeshuka mpaka kifuani na bado nachimba.